Mwalimu Aliyemwamsha Profesa

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alikunywa chai amesimama, huku akisahihisha kazi ya mwanafunzi juu ya friji. Akaniona nimevaa sweta nyuma mbele. "Unataka watu waseme mkeo hana macho?" Akanigeuzia, akaenda chuoni. Mchana nikapigiwa simu kutoka hospitali. Hakurudi. Mengine ya siku hiyo yabaki kwangu.

Wanaokuja kunipa pole huniuliza alifikaje pale chuoni, mhadhiri wa uhandisi wa maji. Alifika kwa tabu.

Alifundisha fizikia sekondari miaka mingi, jioni anasoma, mpaka akapata udaktari. Akaanza kuandika barua za kuomba kazi vyuo vikuu. Kimoja kikasema machapisho yake hayatoshi. Akaandika mengine. Kingine kikasema kinataka vijana. Kingine kimya, hata "hapana" hakikusema. Chuo hiki kilipomwita kwenye usaili, umri ulikuwa umekwenda. Akikosa hapo, ndiyo basi.

Kila mwombaji alitakiwa afundishe somo moja mbele ya jopo. Akafanyia mazoezi jikoni, darasa ni mimi. Mimi sikusoma, kazi yangu kupaka nyumba rangi, na jioni mwili hauna nguvu.

"Ukifunga koki ghafla," anasema, "maji yaliyokuwa mbioni yanaligonga bomba. Ndicho kile kishindo."

Kichwa changu kinaanguka. Anapiga meza: "Wee mzee, usinisinzilie!"

Siku moja jirani yetu, fundi cherehani, akabisha hodi aje kutupatanisha. Naye akakalishwa, akafundishwa. "Kumbe mnagombania maji tu!" akasema.

Siku ya usaili alirudi uso umemshuka.

"Nimeharibu."

"Umesahau somo?"

"Somo lilikwenda vizuri. Profesa mmoja akafumba macho. Mkono wangu ukapiga meza wenyewe. Nikamwambia, 'Wee mzee, usinisinzilie!'"

Nikacheka, Mungu anisamehe.

"Cheka tu. Ndiye mkuu wa idara."

Tukaanza kungoja. Simu ikilia anaitazama kama nyoka.

Jioni moja, ndiyo kwanza tunaingia kutoka sokoni, ikalia. Mkuu wa idara mwenyewe. Mke wangu akaweka sauti nje nisikie.

"Daktari, wanafunzi wangu wanasinzia tangu nianze kazi, na sijathubutu kumwamsha hata mmoja. Njoo muhula ujao. Ni ajira ya kudumu."

Kazi hiyo aliifanya mpaka asubuhi ile. Nyumba imepoa, sifichi. Lakini hakuondoka duniani akiwa bado anabisha hodi kwenye milango ya watu, na hilo linanipa usingizi.

Simu ilipokatika hakupiga kigelegele. Aliketi kizingitini, mfuko wa vitunguu mapajani, akashusha pumzi ndefu, akaniambia: "Nivue viatu, mume wangu. Miguu inaniuma tangu barua ya kwanza."