Salamu Tupu Iliyomwangusha Kawira

Siku mbili kabla ya kumzika Mzee Kaimenyi, ukurasa wake wa rambirambi ulianza kuwapeleka waombolezaji kwenye picha za uchi.

Wazee wa kanisa walifungua. Wakwe pia.

Ukurasa huo niliutengeneza mimi, hapa Majimbo, Embu. Binti ya marehemu, Kawira, mwalimu wa Mitunguu, ndiye alikuwa akisoma kila salamu kabla haijaonekana. Nywila tulikuwa nayo sisi wawili tu.

Kaka yake Kawira, Mukiri, alinipigia akiwa moto.

"Mutegi, hii aibu imetoka wapi?"

Sikuwa nimekagua chochote. Nilichojua ni kwamba sitaki lawama.

"Labda Kawira alipatia mtu password."

"Basi huyo hatasoma eulogy ya baba."

Kawira naye akapiga, analia. "Sijapatia mtu, Mutegi. Naapa." Nikamwambia tutaongea.

Kesho yake ndipo nilikaa chini nikachimba.

Kulikuwa na salamu moja tupu, yenye jina tu: Felicitas. Kwenye nafasi hiyo ya jina mtu alikuwa ameficha amri za kompyuta. Plagini, ile programu ndogo ya kupokea salamu, ilizihifadhi bila kuzichuja. Kawira alipoingia kuisoma, amri zikatumia mamlaka yake kumfungulia mhalifu akaunti ya msimamizi, naye akaitumia kuwaelekeza wageni kwenye zile picha. Hakuna nywila iliyotoka kwa mtu.

Na plagini hiyo, ninayoitumia kwenye tovuti zangu zote, kwa wiki saba ilikuwa ikiniomba niisasishe. Nilipuuza kwa sababu sasisho la awali lilinivurugia picha.

Nikamuuliza Kawira kwa nini aliidhinisha salamu isiyo na neno.

"Nilifikiria ameshindwa kuandika kwa uchungu. Mtu akikuja matanga akose la kusema, si unamwachia tu kiti?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema, "Sawa."

Nilirekebisha kimyakimya. Siku ya mazishi Mukiri akanishukuru kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Kawira alikaa nyuma na akina mama wa jikoni, huku binamu akisoma eulogy, habari za maisha ya marehemu, na kukosea majina ya watu.

Nilijichukia, lakini nilikula pilau yao.

Miezi mitatu imepita. Leo nimemtumia Mukiri maelezo yote, na nayaweka hapa kila mtu asome. Haikuwa Kawira. Kosa ni langu.

Mnaotengeneza tovuti, sasisheni plagini zenu. Na mkikosea, semeni mapema. Mimi nimesema baada ya kaburi kufunikwa, na Kawira hana siku nyingine ya kumsomea baba yake.