Makabidhiano ya Fisi

Fomu ya mradi wetu ilikuwa na kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na kipengele cha hatari zinazotarajiwa. Niliandika: ukame, moto, mifugo ya jirani kuingia. Niliandika kwa mwandiko mzuri nikapiga mstari kwa rula. Nilikuwa na miezi mitano tu Bariadi, nimehamishiwa kutoka Tanga, na nilijiona najua kila kitu kinachoweza kuharibika porini. Kinachoweza kumpata binadamu hakikuwa na kipengele, na mimi sikujiuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwashawishi wenye mashamba waache sehemu ya ardhi ipumzike, miti irudi, na wanyama wapate pa kupita na pa kujificha. Kwa hiari. Ardhi inabaki yako, na ukichoka unajitoa. Wasukuma wana jambo hili tangu zamani na wanaliita ngitili: unafunga kipande cha malisho wakati wa mvua ili kiangazi ng'ombe wakute majani. Kwa hiyo hatukuwaletea jipya. Tulichowaletea sisi ni fomu.

Mkutano wa kwanza ulikuwa katika kijiji kimoja upande wa Itilima. Nilizungumza saa nzima kuhusu swala, kanga na ndege. Nilipomaliza alisimama mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wengi na kofia ya pama. Akasema, "Mayu, tumekusikia. Leo mmekuja na hiari. Kesho mtakuja na bikoni za mipaka." Mayu ni mama, ni heshima. Akapigiwa makofi kuliko mimi.

Aliyetia dole gumba siku ile ni mmoja tu, bibi mjane aliyepakana na huyo huyo mfugaji. Mumewe alimwachia ngitili iliyokwisha kuliwa ikabaki udongo, kando ya korongo. Nikaanza kumweleza habari za swala.

"Swala atanifaa nini mimi?" akasema. "Nataka kuni, mwanangu. Napikia mavi ya ng'ombe, moshi unanimaliza macho."

Macho yake yalikuwa mekundu kweli, yanatoka machozi muda wote. Kwenye sababu za kujiunga nikaandika: mapenzi ya uhifadhi. Mungu anisamehe.

Misimu mitatu ya mvua ilipita na ngitili ile ikafunga, ikawa kichaka. Migunga iliota yenyewe, majani yakafika kiunoni, kanga wakarudi, digidigi wakarudi. Wageni walikuja kutoka Dar es Salaam wakapiga picha na bibi, wakamwita bingwa. Bibi alikuwa anaokota matawi makavu, anapikia kuni, ameridhika. Mimi nilisifiwa kwenye kikao nikajifanya sijali.

Halafu wakarudi fisi.

Kwa asiyejua Usukumani nieleze. Kwetu sisi wa ofisini fisi ni mnyama. Kule kwa watu wengi fisi ana mwenyewe, mchawi, anayemfuga na kumpanda kwenda kwenye shughuli zake. Kwa hiyo fisi akipita kijijini, swali si ametoka wapi. Swali ni wa nani. Na kikongwe anayeishi peke yake, ana macho mekundu, na ana kichaka nyuma ya nyumba, huyo hata hawamtafuti.

Nilisikia kwanza kwa dereva wetu, mwimba kwaya, mtu wa diploma. Alinisimulia huku anacheka. Alipomaliza kucheka akasema, "Lakini madam, hawa fisi nao hawatoki hewani." Nikamtazama mpaka akawasha gari.

Yule mfugaji wa pama alikuwa ameliwa mbuzi wawili, akasema mnadani kwamba fisi wanatoka kwa bibi. Hakusema zaidi ya hapo. Watu wakaacha kumsalimia bibi. Usukumani salamu ni ndefu, kuna mwangaluka, kuna habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Kupitwa kimya asubuhi si jambo dogo. Kisimani wanawake walikuwa wakimwona tu wanampisha wote, anachota wa kwanza.

"Siku hizi sipangi foleni," akaniambia.

Nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Vikongwe wamekatwa mapanga Usukumani kwa ushahidi wa macho mekundu tu, na hilo nililijua hata kabla sijahamia. Niliogopa, na niliona aibu, kwa sababu kichaka kile nilikiomba mimi.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji na nikaenda polisi. Wote walinipokea vizuri wakaniambia bado hakuna kosa lililotendeka. Nikarudi kwa bibi, nikamkuta anachambua choroko.

"Mayu, tufyeke," nikamwambia. "Fomu naichana leo hii."

"Nikifyeka leo watasema kumbe kweli nilikuwa nawafuga, nimewahamisha." Akapuliza makapi. "Na kuni nitatoa wapi?"

Nilikuwa na kamera mbili za kufunga kwenye miti, zile zinazompiga picha mnyama akipita. Nikazifunga moja ngitilini na moja upande wa pili wa korongo, nijue hao fisi wanalala wapi.

Baada ya wiki mbili nikazifungua ofisini. Kwa bibi fisi walikuwa wapita njia tu. Nyumbani kwao kulikuwa kwenye majabali, na majabali yalikuwa ya yule mfugaji wa pama, nyuma ya zizi lake. Picha moja ilimwonyesha fisi jike amelala juu ya jiwe alfajiri, watoto wawili wananyonya, na kwa nyuma kona ya bati la nyumba ya bwana huyo, imeonekana vizuri hadi misumari. Nikapiga meza. Nikasema peke yangu, "Nimekupata!"

Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi. Nikaenda stendi kwenye duka la kuchapisha, nataka picha kubwa niibandike mbele ya watu wote, nimwone atakavyokunja hiyo pama. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nasubiri kompyuta iwake ndipo nikakumbuka. Nyumbani kwake yupo mama yake. Mzee kuliko bibi yetu, haoni vizuri, anakaa jikoni, na macho yake ni yale yale. Nikibandika ile picha fisi watahama nyumba tu.

"Madam, nitoe ngapi?" dada wa duka akauliza.

"Moja. Ndogo."

Nilimkuta mfugaji anapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Akanawa, akapokea picha, akaitazama. Mama yake akauliza kutoka jikoni, kwa Kisukuma, mgeni ni nani. Akamjibu ni wa ofisini. Akaitazama tena, hasa lile bati.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe, na dada wa stendi aliyesema fisi ana watoto wazuri."

"Mimi nilisema habari ya mbuzi tu, mayu."

"Najua ulichosema!" Hapo nilipandisha sauti, ng'ombe wakageuka. "Wewe ndiye uliyeanzisha. Utamaliza mwenyewe."

Akavua kofia, akaiweka picha ndani ya kofia, akaivaa.

"Hawa wanyama kisheria ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Hata huyu wa kwenye jiwe?"

"Hata huyo."

"Na serikali hapa ni nani?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa shati la kazi, lenye nembo ya serikali.

Jumamosi alisimama mbele ya watu, kofia kichwani. Akasema alikosea, amefuatilia nyayo mwenyewe, na fisi si wa bibi. Wameletwa na mradi. Mwenyewe ni huyu mayu wa ofisini.

Kijiji kizima kikanigeukia. Nilikuwa na maelezo ya kitaalamu tayari mdomoni: fisi haletwi na mtu, fisi hufuata chakula na maficho. Nilisomea hayo miaka mitatu. Kisha nikamwona bibi amekaa pembeni juu ya kitenge chake, na kumzunguka pameachwa nafasi ya watu sita.

Nikasimama nikasema, "Ni kweli. Ni wa kwangu."

"Sasa unafuga fisi wa nini?" mama mmoja akauliza.

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Wakanong'ona, kisha wakaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Tanga. "Aaah!" wakasema wote, na jambo likaisha. Tanga inajulikana nchi nzima kwa mambo yake ya uganga. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie Bariadi, kutoka Tanga kulinisaidia kazini.

Wiki iliyofuata mfugaji alisaini fomu ya majabali. Nilipomuuliza sababu ya kujiunga akasema niandike ninachotaka. Nikaandika: mama yake. Baada yake walijiunga wanne wengine, kwa hoja kwamba fisi wenye mwenyewe anayejulikana hawatishi. Mpango wa mradi haukuwa na hoja hiyo, ila ilifanya kazi kuliko zote zilizokuwemo.

Tangu hapo simu yangu haikupumzika. "Mayu, fisi wako wamepita huku." Naenda, natazama zizi, nawaambia waongeze miiba. Wazee waliniomba niwakanye fisi wangu na nikaahidi kuwakanya. Wanawake walianza tena kumsalimia bibi. Naye akaanza kulalamika kwamba kisimani siku hizi anasimama foleni mpaka miguu inavimba.

Mwaka huu barua ya uhamisho imekuja. Narudi Tanga. Nimeiomba mara tatu, na nilipoipata nilipiga vigelegele ofisini bila aibu. Nikaenda kumuaga bibi. Akaniwekea michembe, viazi vikavu vya kuchemsha. Nikiwa natafuna akauliza, "Ukiondoka, fisi watabaki wa nani?"

Furaha yote ya barua iliniishia pale pale.

Aliyekuja kunipokea ofisi ni kaka mmoja kutoka Iringa, mtu wa taratibu, kalamu mbili mfukoni. Tukaandikiana makabidhiano: pikipiki moja, kabati moja, kamera mbili. Chini kabisa nikaongeza kwa mkono: Fisi. Idadi: haijulikani. Hali: wazima.

"Dada, unanitania," akasema.

"Sikutanii. Panda pikipiki."

Nilimsimulia njia nzima. Sijui alisikia kiasi gani kwa ule upepo. Tulipofika mtendaji alikuwa amekusanya watu, na mfugaji wa pama yupo mbele. Yule kaka akakohoa akaanza, "Ndugu wananchi, kitaalamu mnyamapori hana…" Nikamkanyaga mguu. Akanitazama. Kisha akamwona bibi, na nadhani hapo ndipo upepo wa njiani ulipomtoka masikioni. Akatoa kalamu, akasaini.

"Kwenu wapi?" wakamuuliza.

"Iringa."

Wakaguna. Iringa haikuwatosha.

"Atazoea," mfugaji akasema.

Bibi akanyanyuka polepole, akaja mpaka mezani. Kusoma hajui. Akaweka kidole kwenye karatasi, juu ya ile saini.

"Hapa pameandikwa ni wa huyu?"

"Ndiyo, mayu."

"Si wangu?"

"Si wako, mayu."

Akasoma kwa kidole mara ya pili, taratibu, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Kisha akachukua mzigo wake wa kuni pale chini, akaniomba nimtwike, akaenda kupika.