Kiti cha Enzi cha Mama

Pikipiki yangu mpya ilibaki kama kiwanda kilivyoitengeneza kwa muda wa safari moja tu, kutoka Nakawa nilikoinunua hadi steji ya bodaboda iliyo chini ya nyumba yetu, Makindye. Nilipofika hapo, wanaume saba walishuka kwenye pikipiki zao, wakaizunguka yangu na kuitazama kwa huruma, kama vile nimewaletea mgonjwa.

"Boss," akasema mwenyekiti wa steji, "hii piki iko uchi."

Mimi si mtu wa boda. Nauza mabeseni na ndoo za plastiki, na maisha yangu yote nimetembea kwa miguu bila kumkosea mtu. Pikipiki niliinunua kwa sababu moja, na sababu hiyo ni mama yangu.

Mama ni mwalimu wa Kurani. Babu zake walikuja huku na biashara kutoka pwani, wakanogewa, hawakurudi. Walichotuachia ni Kiswahili chao na tabia ya kusahihisha Kiswahili cha wengine. Kwa miaka mingi, kila Jumatano alasiri, Mama alikuwa akishuka Ggaba kuwafundisha wanawake wanaouza samaki mwaloni, kando ya ziwa. Walikuja darasani na harufu yao ya sato, wakamuuliza mambo ambayo hawathubutu kumuuliza sheikh wala waume zao. Mwaka jana akaanguka kutoka kwenye boda, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo hapandi boda ya mtu, na zile teksi zetu za kubanana ndiyo kabisa, goti lake halikunjiki vizuri. Kamati ya msikiti ikamtumia salamu za heshima mno: apone polepole, asiwe na wasiwasi, ila kama Jumatano ya kwanza baada ya Idi hatakuwa amerudi, darasa atapewa ustadhi mmoja kijana. Mama alinyamaza siku nzima. Mama yangu huwa hanyamazi, jamani. Nikaona hapa sina budi, nitampeleka mwenyewe.

Basi steji ikakaa kikao. Ninyi mnaodhani pikipiki ni mali ya aliyeinunua, karibuni Kampala. Mwenyekiti alifungua kwa kueleza hoja: mama mwalimu apandishwe vipi, akae vipi, afike vipi akiwa mzima. Kuhusu kukaa hapakuwa na mjadala. Mwanamke mwenye heshima zake hukaa upande, miguu yote miwili kushoto, kama mtu aliye sebuleni kwake, isipokuwa sebule inakimbia. Mama amekaa hivyo tangu pikipiki zianze kubeba watu mjini hapa. Swali lilikuwa ni vyuma gani viongezwe ili asianguke tena.

Mmoja akapendekeza honi ya lori. Mwingine akataka mwavuli. Wa tatu, ambaye nadhani hakuwa amesikiliza hoja, akasema muhimu ni kizuia matope cha nyuma kiandikwe "Radhi ya Mama" kwa herufi nyekundu. Mwenyekiti akawanyamazisha. Yeye, alisema, amebeba wanawake waliokaa upande miaka kumi na mbili, kwa hiyo anajua wanavyojisikia. Nilimtazama sana. Amewapa mgongo miaka kumi na mbili, lakini elimu ameipata.

"Hapa kulia tunaweka egemeo," akasema. "Chuma kizuri, na sponji. Mama anaegemea. Hapa kushoto, chini, kikanyagio cha miguu yote miwili. Na shokapu ngumu, asiruke."

Nami, kwa akili zangu timamu, nikaona mtu huyu ni mhandisi.

Jioni nikamweleza mke wangu mpango mzima, nikimchorea kwenye mfuko wa karatasi. Akauangalia mchoro, akaniangalia mimi.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Haya ni mambo ya vyuma," nikamjibu. Alhamdulillahi, nina mke mvumilivu. Mwingine angenipiga na huo mfuko.

Na si kwamba Mama hakujaribu. Wiki hiyo alinisimamisha mlangoni zaidi ya mara moja. "Mwanangu, kuhusu hiyo pikipiki..." Kila mara nikamkatiza kwa upole wa mtoto mwema: Mama, usijali, wewe pumzika, tunashughulikia. Akawa anafunga mdomo na kurudi chumbani. Nilijisifu moyoni kwa jinsi ninavyomtunza.

Siku hizo hizo mkono wa kochi letu ukaanza kulegea. Mchana nikiwa nyumbani ningesikia kochi linalia, kri, kri, nikienda sebuleni sioni mtu. Nikawagombeza wanangu wawili kwa kuruka juu ya kochi. Wakala kiapo kwamba si wao. Nikawagombeza tena, safari hii kwa kiapo cha uongo.

Fundi wa kuchomelea ana kibanda mkabala na steji, kwa hiyo kazi ilifanyika mbele ya kamati nzima ya steji. Alikunja bomba, akachomelea, akafunga sponji, akaifunika ngozi ya bandia ya rangi ya damu ya mzee, yenye vifungo vya dhahabu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Upande wa kushoto akaweka kikanyagio kipana ungeweza kupangia sahani. Ikabaki majaribio. Nani akae? Mwenyekiti akajitolea. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa kufanya kazi kwa ukamilifu, akajifunga leso kiunoni, akapanda, akakaa upande, magoti yamebanana. Nikamwendesha hadi kwenye mtaro na kurudi. Alishikilia egemeo kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na kila tuliporuka tuta alimtaja Mungu. Aliposhuka alitangaza kwamba ni raha mustarehe.

Ikaja Jumatano yenyewe. Niliileta pikipiki hadi mlangoni, imeoshwa, inang'aa. Steji nzima ilipanda mlima kuja kushuhudia, fundi akiwa mbele na kofia yake mkononi kama anasubiri medali.

Mama akatoka. Amevaa buibui lake jeusi, vitabu vyake ameviweka kwenye mkoba wa kuvaa mgongoni, mkoba wa shule wa mwanangu. Hilo lilinishangaza kidogo. Akaizunguka pikipiki polepole.

"Hiki nini?"

"Egemeo, Mama. Unaegemea hapa. Na huku kushoto unakanyaga."

"Nikae upande?"

"Si ndivyo unavyokaa?"

"Ndivyo nilivyokuwa nimekaa siku niliyoanguka," akasema.

Kisha akalinyanyua buibui kidogo, kiasi cha kuonyesha viatu, na ndani nikaona suruali. Suruali ya kijivu. Niliitambua mara moja. Ilikuwa ya marehemu baba, ile aliyokuwa akiivaa kwenye harusi za watu, upindo umekatwa na kushonwa upya kwa kimo cha Mama. Akashika bega langu, akainua mguu wa kulia ili aurushe upande wa pili wa kiti, na ukagonga egemeo. Akajaribu tena, ukagonga tena. Kile kiti changu cha enzi kilikuwa ukuta. Watu saba na fundi wao tulikaa wiki nzima tukajenga kitu ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kumzuia mama yangu asipande.

"Nimefanya mazoezi kwenye kochi," akasema, akihema. "Pale naweza."

Ya Rabi. Nilitamani ardhi inimeze na mabeseni yangu yote. Mama wa miaka sitini na nane, peke yake sebuleni, anarusha mguu juu ya mkono wa kochi, akinisikia nakuja anajificha, na mimi nawachapa maneno watoto wasio na kosa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Swali gani hilo, hata mimi nilijua.

"Miaka yote hiyo nimekaa upande," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mkono mmoja mtandio, mkono mmoja vitabu, sijashika kitu, naning'inia tu. Kwa sababu watu watasema nini wakimwona mwalimu amepanua miguu. Siku niliyoanguka, watu hao wote walikuwepo. Walisimama wakaangalia. Aliyekuja kuniinua ni mama mmoja muuza mahindi, na yeye alikuwa hanijui."

Mwenyekiti, maskini, akajikakamua. "Lakini mama, wewe mwalimu. Heshima..."

"Heshima yangu nitaishika mwenyewe, mwanangu," akamjibu. "Ninyi mkakate chuma. Adhana ya alasiri inakaribia."

Nikaigeuza pikipiki, nikashuka nayo hadi kibandani, kundi zima nyuma yangu, safari hii bila kelele. Fundi aliwasha grainda, akakata egemeo lake, halafu kikanyagio, cheche zikiruka, uso wake uso wa mtu anayezika. Vifungo vya dhahabu vilidondoka kwenye vumbi. Mwenyekiti aliviokota kimoja kimoja akavitia mfukoni. Nilikasirika. Si na wao. Wao walipewa kazi na mtu aliyekuwa na mama nyumbani, mwenye ulimi wake na akili zake, akashindwa kumuuliza neno moja.

Tuliporudi, Mama alipanda kwa jaribio la kwanza tu. Goti lilimuuma, nilimsikia akivuta pumzi. Akakaa katikati, miguu huku na huku, akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Ule mkono uliovunjika hauna nguvu sana, vidole viwili havifungi vizuri. Lakini alinishika. Sikumbuki mara ya mwisho mama yangu kunishika namna ile. Nadhani nilikuwa bado nabebwa.

Tulishuka hadi Ggaba, mimi naendesha kama nimebeba trei ya mayai. Njiani watu waligeuka, wengine walinyoosha vidole. Mimi nilihisi tu mikono yake kiunoni.

Wanafunzi wake walikuwa wamekaa kwenye baraza ya msikiti, aproni zao zina magamba, na ustadhi kijana tayari amesimama na kitabu chake. Walipoisikia pikipiki wakainua vichwa. Wakaona. Hata wale waliokuwa wakipima samaki ng'ambo ya barabara nao wakasimamisha mizani.

Nilizima injini haraka, nikaweka mguu chini nimsaidie kushuka kabla hawajaanza kunong'ona. Mama hakuniachia kiuno.

"Subiri kwanza," akaniambia mgongoni. "Waache watazame vizuri."