Mmepanda Nini?

Nianze kwa kusema kwamba hakuwa mbunge wetu, asije mtu akanifuata kibandani kuniuliza nina ugomvi gani na fulani. Alikuwa mbunge wa mbali kabisa. Mto Rufiji aliujua kwa kuuvuka darajani, tena kioo cha gari kikiwa kimefungwa. Lakini redio haichagui jimbo. Alichokisema bungeni kilinikuta Bungu, mikono yangu ina unga mpaka kwenye viwiko, na kikanikaa rohoni mwaka mzima.

Siku hiyo walikuwa wakijadili kupanda kwa gharama za maisha. Nikaongeza sauti, maana hilo ndilo lililokuwa likinikaba. Mimi nauza chai na chapati kando ya barabara kuu. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda, sukari imepanda, unga wa ngano umepanda. Wateja hawakutaka kusikia kwamba na chapati imepanda, kwa hiyo ilikuwa ikipungua upana kimyakimya, hadi dereva mmoja wa lori akaiinua na kuniuliza kama ile ni chapati au kifuniko cha kikombe. Basi nikasema, afadhali leo wakubwa wanalizungumza. Mheshimiwa akasimama. Akasema kila anakopita wananchi wanamlilia, bei zimepanda, bei zimepanda. "Na mimi nawauliza, Mheshimiwa Spika: bei zimepanda, na ninyi mmepanda nini?"

Meza zikagongwa. Kicheko kikawa kirefu, mpaka ikabidi waambiwe watulie.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba maneno yenyewe yalikaa vizuri mdomoni. Angesema kitu cha ovyo kingefia palepale. Lile neno lilikuwa tamu, na neno tamu halina breki. Kabla wiki haijaisha klipu ilikuwa kwenye kila simu. Vijana wa bodaboda walinipokea nalo asubuhi: "Mama, chapati imepanda? Wewe umepanda nini?" Nilipomlalamikia mwenye duka kuhusu sukari, naye akaniuliza nimepanda nini. Sukari! Nipande miwa nyuma ya choo cha nyumba ya kupanga, halafu nijenge na kiwanda? Nikamwambia anipimie tu, maswali amwachie mheshimiwa.

Kwangu mimi swali lile lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa mama yangu.

Mama anaishi bondeni, upande wa Mkongo, na hajapata kukaa msimu mmoja bila kupanda. Mwaka ule alipanda mpunga kama kawaida. Ulipoanza kuiva akahamia shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho watu wa kwetu hukaa kuamia ndege wasimalize mpunga. Maji yakaja hayajatarajiwa. Mto ulijaa usiku na mchana, mpunga ukalala chini ya tope, na mama alichukuliwa dunguni kwa mtumbwi akiwa amekumbatia kikapu kimoja cha mashuke yaliyotangulia kukomaa. Maji yalipopungua, akapanda mahindi ya mlau, yale yanayofuata unyevu unaoachwa na mafuriko. Hayo wakayala viboko. Kwa hiyo alipanda mara mbili, mheshimiwa, kama kweli ulikuwa unauliza.

Kikapu kile kilibaki kuwa mali yake yote. Mpunga wenyewe ulikuwa shingo ya mwali, mbegu aliyoachiwa na bibi yangu, mrefu, wenye harufu inayomtoa jirani nje. Alikitundika jikoni juu ya mafiga, moshi uwafukuze wadudu, akisubiri mvua za msimu unaofuata. Kijiji kizima mbegu ilikuwa imekwenda na maji, yeye tu ndiye alikuwa na kikapu. Mwezi wa Ramadhani nilikwenda kumwona, nikamkuta anafuturu muhogo wa kuchemsha bila hata nazi. Nikatazama juu, nikamwambia tutwange kidogo tu, Mungu mwenyewe anaona. Akanikata jicho.

"Kile si chakula," akasema. "Kile ni shamba."

Sikurudia kuomba.

Sasa sikiliza. Watu wa kwetu waliohamia Dar es Salaam walichangishana wakachimba kisima kijijini, jambo la heri, sina neno. Kisha akatafutwa mgeni rasmi. Hapo ndipo akili zilipowatoka, kwa sababu walimwalika yuleyule, mwenye swali lake. Nilipopigiwa simu nikamuuliza aliyenipigia kama wamekosa binadamu mwingine. Akacheka. Akasema mheshimiwa ni maarufu sasa, na isitoshe ni mtani wetu, kabila lake na letu wanataniana tangu enzi za mababu. Akanitaka nije nipike, maana mimi ndiye mwenye mkono wa wali.

Nilikwenda kwa ajili ya mama, si kwa ajili yake. Nilishuka garini jua likiwa juu, na kabla sijafika uani nikasikia kinu. Mama alikuwa akitwanga. Kikapu kilikuwa chini, kando ya mguu wake, kitupu, na mashuke yaliyokwisha kupurwa yamelundikwa pembeni.

Hata shikamoo niliisahau. "Mama, kikapu kimeshuka kufanya nini?"

"Marahaba," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia. "Mgeni anakuja."

Kumbe mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amepita. Kila nyumba ilikuwa na lake la kutoa: huyu kuku, yule nazi, yule kuni. Mchele ndio haukuwapo. Wa dukani ulikuwa umepanda bei kuliko walivyojiandaa, na juu ya hayo mwenyekiti alisema ni fedheha mgeni kuja bonde la mpunga akapikiwa mchele wa gunia. Watani watatucheka mpaka kiyama. Akakumbuka kikapu cha mama.

"Na wewe ukakubali?"

"Nilijitolea mie mwenyewe. Hakunishika mkono."

"Mama, huyu ndiye aliyetutukana redioni!"

"Hakututukana. Kauliza. Mtani ana ruhusa ya kuuliza."

"Utani gani wa redioni? Mtani anakutania uso kwa uso, nawe ukamjibu palepale. Yeye anatania akiwa Dodoma, siye tunamjibia wapi?"

"Ndiyo maana namjibu leo." Akaweka mchi chini, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Kauliza siye tumepanda nini. Mie nimepanda shingo ya mwali. Ale, aone."

"Na ukishamjibu, mvua zikija utapanda nini?"

Akauchukua mchi wake. "Mungu atatoa," akasema, akaendelea kutwanga.

Nilitamani kuupiga teke ungo wake. Nilitamani kumfuata mwenyekiti nyumbani kwake nikamwambie maneno ambayo mtoto wa kike wa Kiislamu hasemi hadharani. Badala yake nikajifunga kanga kiunoni, nikakaa chini, nikapeta. Hasira yangu haina faida yoyote mbele ya mama. Amejaliwa ule upole unaokushinda nguvu, na akishaamua jambo la heshima, wewe unabaki kusaidia tu. Nikakuna nazi, nikachuja tui, nikaupika mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Na nitasema ukweli: sijapata kupika wali mzuri kama ule. Harufu ilipotoka chini ya mfuniko, wanawake waliokuwa wakikaanga kuku waligeuka wote. Bibi mmoja akasema, "Loo, huu nauona kwa mara ya mwisho." Sikupenda alivyosema.

Mgeni alikuja amechelewa. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia kwa utulivu, lakini hata hilo akaninyima. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka pamoja na wazee, akamwamkia mama shikamoo kwa kuinama. Alikula kwa mkono, akaongezewa, akaongezewa tena, akasifu mpishi. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningejua pa kumshika. Huyu alikuwa amechangamka na kushiba, na alikuwa akiamini kila neno linalotoka kinywani mwake.

Baada ya kula akapewa kipaza sauti. Akashukuru kisima, akashukuru chama. Kisha akaanza. "Watani zangu! Niliambiwa njiani kwamba bondeni kuna njaa. Wali huu niliokula leo, wallahi, hata Dodoma siupati. Mnatulilia bei zimepanda, kumbe ninyi mmepanda!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Akauliza ni nani mwenye mpunga ule. Mama akasukumwa mbele. Alikuwa amevaa kanga yake mpya, amesimama wima, na nilimjua uso wake: alikuwa anasubiri zamu yake ya kujibu. Hiyo ndiyo zamu aliyoilipia kwa kikapu kizima.

"Mama," akasema mheshimiwa, "umenikomesha. Nifungie na wa kubeba, nikawaoneshe wenzangu."

"Umekwisha, baba," mama akasema. "Ulikuwa mbegu."

Mheshimiwa akaangua kicheko mpaka akashika tumbo. "Mnawasikia watani zangu! Uchoyo wao huo! Mtu ananinyima mchele, anasema ati nimekula mbegu!"

Uwanja mzima ukacheka naye. Nao walijua ni kweli! Walikijua kile kikapu kama wanavyoijua milango yao, lakini mgeni anacheka, na mtani anacheka, utafanyaje? Mama akangoja kicheko kipungue ili arudie. Hakikupungua. Nikashindwa kuvumilia, nikapaza sauti kutoka jikoni, mwiko mkononi: "Si utani, mheshimiwa!"

Ndipo wakacheka zaidi. Maana hivyo ndivyo mtani anavyosema siku zote. Unamwambia mtani wako marehemu wake alikuwa mwizi, kisha unakula kiapo kwamba si utani, na hapo ndipo utani unapokolea. Nilikuwa nimemsaidia kunogesha. Mwenyekiti akanikodolea macho, mheshimiwa akanipungia mkono kwa furaha, na msafara ukaelekea kisimani kukata utepe. Mama akaanza kukusanya sinia.

Njia nzima ya kurudi Bungu nilikuwa nikibishana na kiti cha mbele yangu. Yeye alitania bungeni, nchi nzima ikachukua utani wake kama hoja. Mama alisema kweli tupu, ikachukuliwa kama utani. Sijui mambo haya yanapangwa na nani, lakini nikimpata tutaelewana.

Kama hilo halikutosha, haukupita muda nikamsikia tena redioni. Bado walikuwa kwenye ugumu wa maisha. Akasema yeye hasemi kwa kusikia, ametoka Rufiji, amejionea kwa macho yake. Kuna mama mmoja mzee, akasema, analima mwenyewe, ana mchele mzuri hadi wa kumlisha mgeni, na hajamsikia akilalamika. Waigwe watu wa namna hiyo. Meza zikagongwa. Mteja mmoja anayejua kwetu ni wapi akanipa hongera, mama yangu kasifiwa bungeni. Nilimwambia chai yake siiongezi sukari, na hongera yake aende nayo.

Mvua zikaanza. Mama akapiga simu. Nilisikia vyura nyuma ya sauti yake, na nikajua yuko shambani, amesimama kwenye lile tope jeusi ambalo mwaka huo lilikuwa tayari kuliko miaka yote, maana mafuriko yakiondoka huacha rutuba.

"Mwanangu, hebu uliza huko barabarani. Pengine kuna mtu ana shingo ya mwali. Kidogo tu, nianzie."

Niliuliza. Niliuliza madereva, niliuliza wauza mchele wa Kibiti na wa Ikwiriri, nilimtuma mtu aulize mpaka kwa ndugu zake wa vilimani. Duka la pembejeo walinionesha mbegu ya pakiti. Nikaigeuza nikaona bei, nikairudisha kwenye rafu taratibu. Mwisho, kwa muuza mchele mmoja, nikainusa kabla sijaiona. Shingo ya mwali yenyewe, gunia zima, nyeupe, imekobolewa mashineni na kung'arishwa. Nilichota kiganja kizima, nikazitazama zile punje. Hata moja isingeota.

Nikampigia mama. "Ya kupika ipo, mama, tena imepanda bei. Ya kupanda hakuna."

Vyura walikuwa wakipiga kelele kweli kweli. Nikadhani hakunisikia, nikaita, "Mama?"

"Nipo," akasema. "Akirudi yule mtani akauliza tena siye tumepanda nini, mwambie mwaka huu kwetu imepanda bei peke yake." Kisha akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemsindikiza mgeni, na akakata simu.