Katani Ndani ya Usukani

Zebedayo alikuwa fundi wa magari pale Ngamiani, Mshambaa aliyeteremka kutoka milimani kuja kutengeneza mashine za shamba la mkonge, kisha akajitegemea. Mkewe, Lea, alizoea kusema kuwa mumewe hawezi kulala nyumba moja na kitu kinacholia mpaka ajue kinalilia nini. Hata saa yao ya ukutani alikwisha kuifungua mara nyingi, nayo haikuwa na kasoro yoyote.

Mwaka 1956 aliitwa Pongwe na Bi Mwatumu, mjane wa Idarusi. Mume huyo alikuwa akichuuza machungwa ya Muheza. Uani kwake ilisimama pikapu ya marehemu, kuukuu, ya tangu kabla ya vita, sakafu yake imeliwa na kutu. Bi Mwatumu alitaka ifufuliwe, mpwa wake Msafiri apate kuiendesha.

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba, fundi. Itapona?"

Injini haikumsumbua sana. Kilichomshika ni usukani. Ulizunguka robo nzima ndipo magurudumu yakatii, na kila ukizunguka, ndani ya bomba lake mlisikika kitu kama mtu anayekanyaga majani makavu. Chuma kilicholegea hugonga. Hiki hakikugonga.

"Nautoa wote," akasema Zebedayo.

Akachomoa waya wa honi, akalegeza nati ya katikati bila kuitoa kabisa, usukani usije ukaruka. Ulikuwa umegandamana na chuma chake. Akamwomba Bi Mwatumu akae kwenye kiti cha dereva auvute juu, naye agonge kidogo kidogo kwa nyundo, kipande cha mti kikiwa juu ya nati.

"Vuta kama unang'oa muhogo, mama."

Bi Mwatumu alikuwa hajapata kukaa upande ule wa gari. Akavuta, nyundo ikagonga, usukani ukaachia ghafla, naye akaangukia mgongo wa kiti akicheka.

Kisha Zebedayo akaingia chini, akafungua mkono unaovuta magurudumu na nati zilizoshika sanduku la usukani. Bomba likaanza kushuka, likafika chini likakwama kwenye udongo. Lilikuwa refu mno, na juu halikupita kwa sababu ya sanduku lililoungana nalo chini. Akakaa akilitazama. Mwisho akaomba jembe, akachimba shimo chini ya gari, bomba likateremka humo polepole mpaka likatoka.

Akalilaza mkekani, akachomoa chuma kirefu kilichokuwa ndani. Pale juu, mahali pa bushi ya shaba, ile pete inayoshika chuma kisicheze, hapakuwa na shaba. Palizungushwa ukanda mweusi, umekauka na kukatikakatika. Akaunusa.

"Sifa!" akasema. "Mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya baharini. Na hii ni katani. Nani kafanya hivi?"

Bi Mwatumu akauchukua, akaufumua ncha kwa kucha. Halafu akasema, "Huu nimeusuka mimi."

"Wewe?"

"Idarusi aliniomba. Akaniambia niusuke bapa, usivimbe. Nikadhani anafungia mizigo. Sikumuuliza."

Zebedayo hakuacha. Alisuka nyuzi ngapi? Nani aliuloweka sifa, yeye au mumewe? Ni miaka mingapi iliyopita? Bi Mwatumu alijibu alichokumbuka. Ilikuwa kabla ya binti yao mkubwa kuolewa, na sasa binti huyo ana watoto wanaosoma. Muda wote ule pikapu ilikwenda Muheza na kurudi.

"Nisukie mwingine," akasema fundi.

"Si utaweka shaba?"

"Nitaweka. Lakini kwanza nataka kuona."

Bi Mwatumu akausuka jioni ile, Zebedayo akauloweka sifa, akaufunga, akarudisha kila kitu mahali pake. Kesho yake waliondoka wawili kwenda Muheza, Zebedayo akiendesha, kichwa amekiinamisha kusikiliza. Usukani ulitii, laini, bila sauti.

"Idarusi alijuaje kuwa katani itafaa?" akauliza njiani.

"Sijui," Bi Mwatumu akajibu. "Ningemuuliza, angenieleza. Alipenda kueleza."

Juma lililofuata Zebedayo aliweka bushi ya shaba, na Msafiri akaanza kubeba machungwa. Ule ukanda mkuukuu, fundi na Bi Mwatumu wote wawili waliutaka. Wakaukata kwa kisu, kila mmoja akachukua kipande chake.