Kumfuata Foleni Port Victoria

Nilitoka Malaba, mpakani, kwa ajili ya mbwa aliyekufa, na kabla hujanicheka nipe nafasi nieleze. Mimi na mke wangu Ajiambo tulimwokota chini ya lori, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia, siku ambayo foleni ya magari ilikuwa imekwama tangu alfajiri. Tukamwita Foleni. Ajiambo alipofariki mwaka juzi, mbwa aliendelea kwenda langoni kila saa kumi na mbili jioni, saa ambayo marehemu alikuwa akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha chakula. Macho yalipoanza kumfifia nikaogopa malori, nikampeleka kwa dada yangu Nabwire, mchuuzi wa samaki Port Victoria, kando ya ziwa. Jana asubuhi Nabwire akapiga simu: Foleni amekufa usingizini.

Mwanangu Wandera anafanya kazi ng'ambo. Nilipompa habari akaniambia huko kuna maabara zinazoweza kuchukua kipande cha ngozi na kumtengeneza mbwa mwingine, sura ile ile, madoa yale yale. Gharama angeibeba yeye.

"Baba, usimzike kwanza," alisema. "Ngozi tu. Nakuomba."

Wandera alikosa mazishi ya mama yake kwa kunyimwa ruhusa kazini, na tangu hapo hakuwahi kuniomba kitu. Basi nikamwambia Nabwire amweke mbwa kwenye baridi, nakuja.

Saa moja asubuhi, Malaba. Okiru, daktari wa mifugo, alinipa chupa ndogo yenye dawa ya maji, wembe mpya na boksi la kubebea chanjo.

"Kata hapa tumboni, kiasi cha ukucha wa kidole gumba," alinielekeza. "Ikae kwa baridi lakini isigande, mzee. Ikiganda imekufa."

Mimi ni wakala wa forodha. Miaka ishirini nimepitisha kila aina ya mzigo mpakani, lakini huu sikujua ningeuandika vipi kwenye fomu.

Saa tatu nilikuwa barabarani, nimekaa ndani ya lori la mteja wangu mmoja, dereva wa Voi, aliyechoshwa na msongamano wa Malaba akaamua kwenda kuvukia Busia. Aliulizia boksi, nami nikamweleza yote.

"Sasa huyo mpya atakuwa Foleni ama ndugu yake?"

"Sijui, boss."

"Na wewe mwenyewe unamtaka?"

Nilimjibu kwamba nimechoka, na lilikuwa jibu la kweli. Tangu Ajiambo aondoke nina uchovu ambao kulala hakuuondoi. Nyumbani hakuna anayenisubiri wala ninayemsubiri. Nilitamani mtu mwingine aniamulie jambo lile, hata dereva wa Voi. Yeye akaongeza sauti ya redio.

Busia nilipata gari la samaki lililokuwa likirudi tupu ziwani. Harufu ilikaa nami kiti kimoja hadi mwisho wa safari. Tulipofika uwanda wa Budalang'i, maji ya mvua yalikuwa yamesimama mashambani pande zote mbili, na watu walikuwa wakitembea kando ya barabara wameshika viatu mkononi. Nilisinzia, nikaamka, bado maji.

Saa nane, Port Victoria. Nabwire alinipokea kwa kunishika mikono yote miwili, kisha akaniongoza nyuma ya nyumba, kwenye friji mbovu iliyolazwa chali ambamo huhifadhi samaki. Alifungua mlango. Foleni alikuwa ndani ya gunia safi, amefukiwa kwa barafu iliyonyunyiziwa chumvi, vile wachuuzi wanavyofanya ili samaki aina ya mbuta afike Busia akiwa mgumu. Nilimgusa. Alikuwa mgumu kama ubao.

"Nabwire, ameganda!"

"Si ulisema baridi, Baba Wandera? Mimi baridi ninayoijua ni hii."

Nilitaka kufoka. Ndipo nikaona karai pembeni, limefunikwa kwa majani ya migomba, mbuta wake wote humo wamelegea na nzi wameshajua. Alikuwa amewatoa samaki wake kwenye barafu ili mbwa wangu apate nafasi. Hasira ikaniishia pale pale, nikaona haya.

Nikampigia Okiru. "Ngozi ya juu imeenda," alisema. "Lakini chini ya kwapa inaweza kuwa haijaganda. Jaribu tu, mzee."

Nilipapasa chini ya kwapa. Kweli, palikuwa bado laini. Nikatoa wembe.

Nabwire alichuchumaa kando yangu. "Hapa pia alikuwa anakaa barabarani jioni," alisema. "Anangoja gari la Busia. Na huyu mjukuu wangu, si tulimpa jina la mke wako? Nikiita Ajiambo, Foleni anainua kichwa. Mtoto anakuja mbio, yeye anamwangalia, anatikisa mkia kidogo, halafu anarudi kutazama barabara."

Sisi humpa mtoto jina la aliyetutoka, na mtoto akikua na tabia zake mwenyewe hakuna anayemlaumu. Hata mbwa alilijua hilo. Nikamfikiria huyo wa maabara, na madoa yake yale yale, ameketi langoni kwangu saa kumi na mbili. Angekuwa anatazama malori tu. Wala asingemjua mke wangu. Nililia mbele ya dada yangu, mtu mzima mimi, wembe ukiwa mkononi, kisha nikaurudisha kwenye karatasi yake.

Tulimzika Foleni nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka. Nabwire akarudisha samaki wake kwenye barafu, ingawa wengi walikuwa wa kutupa.

Saa kumi na mbili kasoro nilishuka Malaba na boksi tupu. Simu ililia kabla sijafungua mlango.

"Umekata, baba?"

Ningeweza kuisingizia barafu, na angeamini. Kazini kwangu sababu ya kurudisha mzigo haikosekani.

"Sikukata, Wandera. Palikuwa na mahali pa kukata, nikakataa."

Sauti ikamkatika. "Mimi nilitaka tu nikirudi, kuwe na mtu hapo langoni ananingoja. Vile mama alikuwa anangojewa."

Kumbe safari nzima nilikuwa nimebebeshwa ombi hilo na sikulijua. Nilitoa kiti nje, nikakiweka pale langoni Foleni alipozoea kukaa.

"Njoo," nikamwambia. "Nimeshakaa hapo."