Mguu wa Kukanyagia Mafuta

Mimi magari siyapendi, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nina hamu nayo. Aliyeyapenda ni mdogo wangu wa kiume. Alikuwa utingo wa lori la mahindi la mjomba wetu pale Mkata, na mjomba alishamwahidi kwamba msimu ukiisha atamkabidhi usukani. Leseni alikuwa nayo tayari. Basi jioni badala ya kupumzika alikaa na simu akitazama yale magari ya mbio ya matajiri, huku akitusumbua sisi tunaochambua mboga.

“Dada, cheki hii ndinga. Injini iko nyuma ya dereva, siyo mbele.”

“Sasa huko mbele wanaweka nini, mkaa?”

“Begi tu. Uzito ukikaa nyuma, matairi yanang'ang'ania lami. Halafu ona lilivyo chini, linaniishia hapa.” Akajishika kiunoni. “Upepo haupati pa kulizuia. Na halina klachi ya kukanyaga! Gia unabadilisha kwa vidole, hapo hapo kwenye usukani. Mguu wa kushoto umestarehe, kazi yote ni ya wa kulia.”

“Na mashimo ya Kang'ata litayapitaje?”

“Aah, dada na wewe bwana!” Alikuwa anakasirika kweli, ananinunia mpaka chakula kiive.

Sasa, pale tunapouzia machungwa pana mashine ya kusaga, na ikiwashwa husikii hata anayekuita. Kwa hiyo barabara kuu hatuivuki kwa masikio. Tunatazama kwenye mwinuko. Basi huchomoza paa kwanza, lori huchomoza turubai, hata gari dogo utaona kioo kinametameta kabla halijafika juu. Ukiona kitu, subiri. Usipoona, vuka. Mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, naye alifundishwa hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kugongwa.

Siku moja lori lilikuwa gereji, mdogo wangu akaja kumsaidia mama kuuza. Basi likasimama ng'ambo, abiria wakaanza kuita machungwa. Akajitwika beseni, akatazama kwenye mwinuko. Mimi pia nilitazama. Hapakuwa na kitu, naapa. Akaingia barabarani.

Likatokea gari jekundu, limelala chini kama jamvi. Lilikuwa limeshamaliza kupanda na sisi hatujaliona. Yeye aliyenipigia kelele miezi yote ile kwamba uzuri wake ni kuwa chini, hata siku moja hakuwaza kwamba kitu kilicho chini hivyo hakichomozi. Wala mimi sikuwaza. Breki za gari zilishika, na nasikia lori lingekuwa halijasimama mpaka leo, lakini pua ilikuwa imeshamfikia mguu wa kulia.

Dereva akatoka, kijana wa watu. Akamwendea mama aliyekuwa amepiga magoti kwenye lami, na sijui akili yake ilikuwa wapi, akasema, “Shikamoo mama.” Na mama, khanga yake imelowa damu ya mwanawe, akaitikia, “Marahaba.” Nilitaka kumrukia yule kijana nimng'oe meno. Mdogo wangu akanishika kifundo cha mguu. “Dada,” akasema, “ndilo lenyewe hilo.” Macho yanamng'aa! Nilitamani nimzabe kofi pale pale alipolala.

Tukampeleka hospitali Korogwe. Mimi nikafikia kwa shangazi yetu, Old Korogwe, nikawa napika uji alfajiri na kuupeleka, na kuurudisha kama ulivyo. Daktari alikuwa mama mmoja mtaratibu, alituambia bila kuzungukazunguka. Mishipa imesagika, nyama inakufa. Wakate chini ya goti sasa, la sivyo sumu itapanda na hatutakuwa na mtu.

Akakataa.

Mama alimlilia. “Mwanangu, nikuzike kwa ajili ya mguu?” Mjomba alipiga simu, akafoka, mwishowe naye akalia. Mdogo wangu akageukia ukutani. “Huu ndio wa mafuta,” alisema. “Nikatwe huu nibaki kufanya nini?” Homa ilikuwa inapanda, na ule mguu ulikuwa umeanza kunuka. Bado nikipita buchani mchana wa jua nabana pumzi. Niliogopa kiasi kwamba nilimchukia, yeye na simu yake.

Daktari akaja kuuliza kwa mara ya mwisho. Nikakaa kitandani, nikamgeuza uso kwa nguvu.

“Nisikilize wewe. Si uliniambia mwenyewe yale magari hayana klachi? Si ulisema mguu wa kushoto umestarehe tu? Basi upewe kazi. Ukanyage mafuta, ukanyage breki, gia kwa vidole. Mguu mmoja unatosha. Ni maneno yako hayo, siyo yangu.”

Akanitazama sana. Halafu akatabasamu, mara ya kwanza tangu tumfikishe pale, akamwambia daktari, “Haya. Nimekubali.” Mama akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Na mimi nilijiona mjanja, siwezi kuficha. Nilijiona nimemwokoa kwa maneno yake mwenyewe.

Wauguzi wakaleta kitanda cha magurudumu, wakamhamishia. Walipoanza kumsukuma akaishika ncha ya khanga yangu, nikainama.

“Dada,” akaninong'oneza, “yale ya kwenye simu nisingeyaendesha hata ningekuwa na miguu minne. Lori la mjomba lina klachi.”

Akaiachia khanga, wakampitisha, mlango ukafungwa. Mama akanivuta mkono kuniuliza mdogo wangu amesema nini, nikamwambia amesema tumwombee.